Mtoto akirudi likizo kasahau, nini hasa kimepotea?

Mwalimu yeyote wa darasa la pili au la tatu huku Kusini mwa Tanzania, awe Tandahimba, Nachingwea au Kilwa Kivinje, anazijua siku za mwanzo za muhula wa Januari. Mtoto aliyefunga shule akisoma aya nzima bila kusukumwa, sasa anaisoma kwa kudonoa silabi. Aliyekuwa anatoa 19 kwenye 47 bila shida anahesabia vidole, na vidole vinamwishia njiani. Mzazi akielezwa hushika moja kati ya mawili: mtoto ni mvivu, au likizo ijayo atafutiwe tuisheni. Nionavyo mimi, majibu yote mawili yanapita kando ya jambo lenyewe, kwa sababu hatujajiuliza ni kitu gani hasa kilichopotea, kimepotea kwa njia gani, na katika wiki zile zote mtoto alikuwa anafanya nini.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akajipima baada ya dakika, saa na siku kadhaa. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya siku ya kwanza, halafu kasi yake hupungua. Aliona na jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalisikii: kitu kilichosahaulika, ukikirudia, hukishika kwa muda mfupi kuliko ulivyotumia mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba mtoto wa Januari hajarudi sifuri. Maarifa yake ni kama njia ya shambani isiyopitwa kwa mwezi mzima: majani yameota, lakini njia bado ipo.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1996, Harris Cooper na wenzake huko Marekani walizipitia tafiti 39 kuhusu likizo ndefu ya kiangazi ya nchi yao. Walikuta kwamba kwa wastani watoto walirudi shuleni wakiwa nyuma kwa kiasi cha mwezi mmoja wa masomo. Watafiti waliofuata, wakitumia mitihani ya namna nyingine, wamebishana sana kuhusu ukubwa wa hasara hiyo, na likizo ya Wamarekani ni ndefu kuliko ya kwetu, kwa hiyo si haki kuichukua ile hesabu ya mwezi mmoja tukaibandika Masasi. Lakini jirani yetu Malawi naye amepimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watoto wa huko walishuka katika kusoma kati ya mwisho wa darasa moja na mwanzo wa darasa linalofuata. Jambo hili si la Wazungu peke yao.

Kwenye kazi ya Cooper mimi ninaona faida zaidi katika sehemu nyingine, ile inayoonyesha kwamba hasara haikuwa sawa kila mahali. Vilivyoumia zaidi vilikuwa hesabu za kukokotoa na uandishi sahihi wa maneno. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kuna maarifa yanayokaa kwa kueleweka: mtoto akishaelewa kwamba mmea unahitaji maji na mwanga, haelekei kulisahau hilo kwa wiki nne. Na kuna maarifa yanayokaa kwa kutumika: jedwali la kuzidisha, kukopa kumi katika kutoa, kuunganisha silabi bila kusita, kujua kama neno linaandikwa kwa "dh" au "z". Haya ya pili hayana nguzo nyingine ila mazoezi. Mazoezi yakikatika, yanalegea.

Ndiyo maana madarasa ya chini ndiyo yanayoumia zaidi. Mtoto wa darasa la sita anayesoma kwa wepesi atasoma hata asipotaka, kwa kuwa macho yake yakiliona bango la duka au ujumbe kwenye simu ya mama, tayari ameshausoma. Wa darasa la pili hajafika huko. Kusoma kwake bado ni kazi ya nguvu, na kazi ya nguvu isiyolazimishwa huachwa. Kama nyumba ina watoto wanne na muda wa kumshughulikia mmoja tu, ningesema huyo mmoja awe ni yule wa darasa la kwanza, la pili au la tatu, hata kama aliye kwenye darasa la mtihani ndiye anayeombewa dua na ukoo mzima.

Lugha nayo ina sehemu yake. Likizo ikianza, watoto wengi wa Mtwara mjini na Lindi mjini hupelekwa kwa bibi: Newala na Tandahimba ambako Kimakonde kimetawala, Ruangwa na Nachingwea kwenye Kimwera, Masasi kwenye Kimakua na Kiyao. Wapo wazazi wanaohofia kwamba lugha ya bibi itamharibia mtoto Kiswahili cha shule. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto anayesikiliza hadithi ndefu kwa bibi yake, akafuatilia nani alimdanganya nani na kwa nini, anajenga uwezo uleule atakaouhitaji kuielewa habari iliyoandikwa kwenye mtihani. Kinachokosekana kwa bibi ni maandishi. Kiswahili cha kusikia kipo kila mahali, lakini Kiswahili cha kwenye karatasi kinaweza kutoonekana mwezi mzima. Kiingereza ndicho kinachopotea kabisa, kwa kuwa hakimo shambani wala sokoni, na nyumbani hakisemwi na mtu.

Mapatano mazuri basi si kumkataza bibi. Bibi asimulie kwa lugha yake, kisha jioni mtoto aandike sentensi tatu au nne za hadithi ileile kwa Kiswahili, amsomee kaka au dada yake. Hapo amesikiliza, amefikiri kwa lugha mbili, ameandika, na amesoma kwa sauti. Imechukua dakika ishirini. Na vitendawili visidharauliwe. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anayetafuta yai ndani ya maneno hayo anafanya kazi ya kufikiri ambayo karatasi nyingi za mazoezi hazimpi.

Likizo ya Kusini haiko tupu

Makala nyingi za kuwashauri wazazi huandikwa kana kwamba mtoto wa likizo amekaa sebuleni, amechoka kwa kukosa la kufanya. Huenda wapo. Huku kwetu mtoto wa likizo ana shughuli kuliko wa siku za shule. Likizo ya Juni inakutana na uvunaji wa ufuta, hasa mkoani Lindi, na ndiyo pia majira ya kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu. Ile fupi ya Septemba inakutana na korosho za kwanza kudondoka. Desemba korosho bado zinaokotwa, mvua zimeanza au zinakaribia, na mashamba ya mahindi, mihogo na mbaazi yanasubiri jembe. Mtoto anahitajika.

Kwa hiyo ushauri wa "mpangie mtoto ratiba ya masomo saa tatu kwa siku" hauna mahali pa kutua. Unaowezekana ni kuingiza kusoma na kuhesabu ndani ya kazi iliyopo. Na korosho, kwa bahati nzuri, imejaa hesabu.

Chukua mizani. Mwaka 2018 Serikali ilinunua korosho za daraja la kwanza kwa wakulima kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Familia ikipima kilo 37, mtoto wa darasa la nne anaweza kuambiwa atafute fedha yake bila simu: 37 mara 3,000 ni 111,000, 37 mara 300 ni 11,100, jumla 122,100. Kisha yaje makato, maana kwa kawaida korosho huuzwa kwa mnada na mkulima halipwi bei hiyo nzima. Mama anaposhika stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika mkononi, mtoto anaweza kusoma mstari kwa mstari: kilo ngapi, daraja la kwanza au la pili, kimekatwa nini, kimebaki nini.

"Mama, hapa wameandika kilo 73, si 78."
"Soma tena vizuri, mwanangu."

Mtoto aliyefanya hivyo mara moja hatauliza tena hesabu zinasaidia nini maishani.

Wadogo wana lao. Mpe mtoto wa darasa la pili kilo moja ya korosho ghafi na umwambie azipange mafungu ya ishirini ishirini, ajue ni mafungu mangapi na zimebaki ngapi. Ajifunze kuzidisha kwa mikono yake. Halafu umwambie kwamba hata wanunuzi wakubwa wanahesabu hivyohivyo: idadi ya korosho katika kilo ni kipimo chao cha ukubwa, zikiwa chache ndiyo kubwa. Kazi ya kupembua madaraja nayo ni somo la kuainisha vitu kwa sifa, ingawa hakuna anayeiita hivyo.

Hapa lazima mstari uchorwe, na uchorwe wazi. Kumtuma mtoto kuokota korosho asubuhi pamoja na wazazi wake ni malezi. Kumpa kinyunyizi cha salfa ni kumuumiza, kwa sababu vumbi lake linawasha macho na kuingia kifuani. Kumweka kwenye kubangua pia ni kumuumiza, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa na inakataza kazi za hatari kwa yeyote aliye chini ya miaka 18. Lakini hata kabla ya sheria, mtoto anayerudi shambani jua limezama, amechoka hadi anasinzia na sahani mkononi, hatajifunza chochote usiku huo. Tukitaka dakika ishirini za kusoma, tuzitoe kwenye kazi, tusizitoe kwenye usingizi.

Kwa mtoto wa kike hili ni zito zaidi. Kwenye uwanda wa juu wa Makonde maji ni shida ya miaka mingi, na ndoo huwa kichwani kwa msichana. Akitoka kisimani kuna vyombo, akimaliza vyombo kuna mdogo wa kubeba, na kaka yake wakati huo yuko uwanjani na mpira. Mzazi anayesema "huyu wa kiume ndiye anayependa kusoma" aangalie kwanza nani ana nafasi ya kupenda. Kugawa kazi sawa wakati wa likizo ni hatua ya elimu kabisa, na haihitaji hata senti.

Kwa wanaoishi pwani, bahari inatosha. Msimbati, Mikindani, Sudi, Kilwa Masoko, Songo Songo, kote huko maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50. Wavuvi na akina mama wanaokwenda kutafuta pweza wanalijua hili bila kitabu. Mtoto anaweza kuligeuza kuwa daftari: leo maji yamejaa saa nne asubuhi, kesho saa nne na dakika kama hamsini, keshokutwa? Aandike kila siku kwa wiki mbili, na pembeni achore mwezi ulivyo. Ataona mwenyewe kwamba bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja katikati yake. Atajaribu kutabiri, atakosea kidogo, atauliza kwa nini. Babu mvuvi atamweleza anavyojua yeye, na mwalimu wa sayansi Januari atamweleza mvuto wa mwezi na jua. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa linamfundisha mtoto kutazama kwanza, kuandika alichokiona, kisha ndipo aseme.

Na wa Lindi ana hazina nyingine ambayo wengi wanakua bila kuisikia. Kaskazini magharibi ya mji wa Lindi kuna kilima cha Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua hapo mifupa ya dinosaria walioishi takribani miaka milioni 150 iliyopita. Waliochimba na kubeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi walikuwa watu wa huku, mamia kwa mamia, na msimamizi wao aliyejulikana sana alikuwa Boheti bin Amrani. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho huko Berlin, kimo chake kinazidi mita 13. Mpe mtoto kamba na rula, apime mita 13 kwenye uwanja wa nyumba, atembee kutoka mwanzo hadi mwisho. Somo la vipimo, la historia na la sayansi yamekwenda kwa pamoja, na mtoto amejua kwamba mkoa wake unatajwa duniani.

Wapi pa kupata cha kusoma? Swali hili ni la haki, maana katika shule nyingi za serikali vitabu hufungiwa kabatini shule ikifungwa. Ningependa wazazi waliulize hili kwenye mkutano wa shule: je, wiki ya mwisho kabla ya kufunga, kila mtoto wa madarasa ya chini hawezi kuazimwa kitabu kimoja, mzazi akasaini? Kitabu kinachochakaa mikononi mwa mtoto kimefanya kazi yake. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bure, na nyumba yenye simu janja na bando kidogo inaweza kuitumia. Msahafu, juzuu, Biblia na kitabu cha nyimbo navyo vimo ndani ya nyumba nyingi, na madrasa huwa hazifungi pamoja na shule. Tena, madaftari ya mwaka uliopita yasiende kufungia karanga kabla ya Februari. Hayo ndiyo maandishi pekee yaliyopimwa kwa kiwango cha mtoto huyo, na kwa Kiingereza huenda ndiyo pekee yaliyopo kijijini.

Namna ya kuyatumia nayo ina siri yake. Kusoma kidogo kila siku kunashinda kusoma sana siku moja. Hili limethibitishwa mara nyingi tangu siku za Ebbinghaus. Na kumuuliza mtoto aseme kutoka kichwani, daftari likiwa limefungwa, kunashinda kumwambia asome tena. Mama asiyejua kusoma anaweza kufanya hili vizuri kabisa: "Niambie ulichosoma." Mtoto akikwama, afungue daftari, atazame, alifunge, aseme tena. Wa darasa la sita akimsomesha wa darasa la pili wanafaidika wote wawili, kwa sababu anayefundisha hulazimika kukusanya alichonacho. Kwa mchezo wa jioni kuna bao, mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akianza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Mtoto anayecheza bao anahesabu mbele hatua tatu, nne, bila kuambiwa.

Tuisheni ya likizo, ile ya kumrudisha mtoto wa darasa la tatu kwenye dawati kuanzia asubuhi hadi mchana, siiungi mkono. Wizara nayo imekuwa ikizikumbusha shule kuiheshimu kalenda ya likizo. Mtoto anahitaji kucheza kombolela, kulala, kupanda mwembe, kukaa na watu wazima wasio walimu. Anachokosa ni mazoezi mafupi ya kusoma na kukokotoa, na hayo hayahitaji ada.

Jando na unyago

Huwezi kuandika kuhusu likizo ya Mtwara na Lindi ukaliruka hili. Zamani jando lilichukua miezi. Siku hizi limebanwa ndani ya likizo ya Juni au Desemba ili mtoto asikose shule, na kubana huko ni maelewano ya heshima kati ya mila na shule. Ninayaunga mkono. Kumbi, yaani kambi ya jando, ina elimu yake: wari, watoto wanaofundwa, hujifunza nyimbo ndefu kwa kukariri, mafumbo, adabu, historia ya ukoo. Walimu wa shule wangeweza kujifunza kitu kwa namna nyimbo zinavyotumika kukaza kumbukumbu.

Tatizo liko kwenye tarehe. Jeraha la tohara linahitaji wiki kadhaa kupona sawasawa, na likizo ya Juni ni takribani mwezi mmoja. Familia ikianza ngoma wiki ya pili au ya tatu kwa sababu inasubiri fedha za ufuta au mjomba atoke Dar es Salaam, shule inafunguliwa mtoto hajapona. Anakosa wiki mbili za muhula, na hizo ndizo mwalimu anazozitumia kurudia yaliyosahaulika. Kwa hiyo mtoto huyo anasahau mara mbili. Dawa yake ni kuanza siku za mwanzo kabisa za likizo, na tohara yenyewe ifanywe na mtaalamu wa afya, jambo ambalo familia nyingi tayari zimelikubali.

Fedha nayo. Ngoma ya kumtoa mwari inakula mchele, mbuzi, nguo mpya na muziki, na huja kabla tu ya shule kufunguliwa. Nimeona nyumba nyingi zikifanya sherehe ya kupendeza kisha sare na madaftari yakakosa fedha. Ningeomba kila mzazi anunue vya shule kwanza, avifungie sandukuni, ndipo apange ngoma.

Kwa wasichana liko swali la umri. Binti wa miaka tisa au kumi akichezwa unyago na kuambiwa kwamba sasa yeye ni mtu mzima, wapo wanaume watakaochukua maneno hayo kwa uzito kuliko yeye. Sheria ya elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Makungwi wana nafasi kubwa hapa kuliko polisi. Maneno yao binti huyashika maisha yake yote. Kungwi akimwambia "shangazi yako nakwambia, shule ndiyo ngoma yako inayofuata," limesemwa na mtu anayesikilizwa. Na kwa watoto wadogo kabisa, mafundisho ya unyumba yangesubiri.

Likizo isiyoitwa likizo

Nimeacha hili mpaka sasa kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Kati ya hapo kuna karibu miezi minne ambayo mtoto si mwanafunzi wa shule yoyote. Hakuna mwalimu anayemuulizia. Kwa Mtwara na Lindi, miezi hiyo ndiyo msimu wenyewe wa korosho: kuna kazi, kuna fedha taslimu, kuna pikipiki mpya barabarani, kuna wageni, kuna vibanda umiza vya kuonyeshea video vinavyokesha. Mvulana aliyepata ujira wa kwanza maishani mwake anaanza kuona shule kama kitu cha kurudi nyuma. Msichana aliyemaliza la saba anaanza kuulizwa posa. Majina ya waliochaguliwa yakitoka, wengine wameshaondoka kijijini.

Na aliyebaki anaingia sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, baada ya miezi minne bila kukisikia. Kushindwa kwake kidato cha kwanza tunakuita uzito wa akili, na akili haihusiki.

Hapa ndipo ninapobadilisha msimamo wangu kuhusu tuisheni. Madarasa ya maandalizi ya kidato cha kwanza, Oktoba hadi Desemba, siku tatu kwa wiki, yakiwa na Kiingereza na hisabati, yana maana kwa mtoto huyu kuliko tuisheni yoyote ya likizo. Kijiji kinaweza kuyaanzisha: kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita na yuko nyumbani akisubiri matokeo au chuo, darasa moja la shule ya msingi lililo tupu jioni, na wazazi wanaochangia chaki na posho ndogo. Fedha ya korosho ipo miezi hiyohiyo. Chama cha msingi kinachokutana kujadili pembejeo kinaweza pia kujadili hili kwenye mkutano uleule, kwa kuwa wajumbe wake ndio wazazi wenyewe. Mkoa wa Mtwara una maktaba ya mkoa pale mjini, na mtoto wa mjini aliyemaliza la saba anaweza kuwekewa siku zake za kwenda huko.

Mzazi asiye na darasa kama hilo karibu bado ana la kufanya. Amwambie mtoto wazi, mapema, kwamba kazi ya korosho ni ya msimu na ina tarehe ya mwisho. Amhesabie sehemu ya fedha aliyoichuma kuwa ni ya sare, godoro na daftari, mbele yake, ili aone kwamba kazi yake inampeleka shule. Ampe madaftari ya Kiingereza ya kaka au dada aliyetangulia, na amwombe kila jioni amsomee ukurasa mmoja, hata kama mzazi mwenyewe haelewi neno.

Walimu nao wana zamu yao muhula unapoanza. Darasa likifunguliwa Januari, siku za mwanzo zisikimbilie mada mpya. Mwalimu ampime kila mtoto kwa upole, kusoma aya moja na kufanya hesabu tano za mwaka uliopita, bila alama nyekundu na bila fimbo, kisha awarudishie njia kwa wiki moja au mbili. Kama alivyoonyesha Ebbinghaus, kilichosahaulika hurudi upesi kikirudiwa. Mtoto aliyekuja na daftari lake la maji ya bahari au la kilo za korosho alisome mbele ya wenzake, na wale waliokuja mikono mitupu waulizwe kwa mdomo walifanya nini likizo, maana nao walikuwa na shughuli.